Nani Aliyekuwekea Mikono?

Mwezi Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti wa Kenya na Uganda walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Jambo lililowakutanisha halikuwa dogo. Kila misheni ilikuwa ikifundisha kivyake na kubatiza kivyake, na Mwafrika aliyehama kutoka eneo la misheni moja kwenda la nyingine alijikuta mgeni ndani ya imani ileile. Wakajadili namna ya kuunda shirikisho. Siku ya mwisho wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na aliyeongoza ibada alikuwa William George Peel, askofu wa Kianglikana wa Mombasa. Mwenzake wa Uganda, John Jamieson Willis, alikuwapo pia.

Habari zilipofika Zanzibar, Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa huko, hakuweza kunyamaza. Aliwashitaki wenzake wawili kwa Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa kosa la uzushi. Miongoni mwa waliopokea mkate na divai siku ile walikuwamo watu ambao wachungaji wao hawakuwahi kuwekewa mikono na askofu, yaani askofu aliyewekewa mikono na askofu aliyemtangulia, kurudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi kwa mitume. Weston aliona kwamba kuwahesabu wachungaji hao sawa na makasisi wake ni kukiri kuwa mfululizo wote ule ni pambo tu. Ugomvi ulivuka bahari na kujaza magazeti ya London. Davidson alikataa kuwafungulia maaskofu wale kesi, lakini mwaka 1915 alitoa jibu ambalo kwa ufupi lilisema: nia ilikuwa njema, ila ibada ya namna ile isirudiwe.

Ni rahisi leo kumwona Weston kama mtu aliyeshikilia utaratibu huku watu wakihitaji mkate. Lakini ni Weston huyuhuyu ambaye mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali kupinga kazi ya lazima waliyokuwa wakisukumiwa Waafrika chini ya utawala wa Uingereza. Hakuwa mtetezi wa vyeo kwa ajili ya vyeo. Alikuwa akiuliza swali ambalo Ukristo umelibeba tangu siku zake za kwanza na ambalo leo, katika miji ya Afrika Mashariki, limekuwa la dharura: mtu anayesimama mbele ya watu akasema kwa jina la Kristo, amepewa na nani ruhusa hiyo, na nani anaweza kumhoji?

Agano Jipya lenyewe linatoa jibu la kwanza katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Yuda Iskariote amekufa na nafasi yake iko wazi. Petro anaweka sharti: atakayeijaza awe mtu aliyefuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa, ili awe shahidi wa ufufuko. Majina mawili yakaletwa, Yusufu Barsaba na Mathiya. Kura ikamwangukia Mathiya. Katika sharti lile hakuna neno juu ya ufasaha, miujiza wala maono ya usiku. Kinachotakiwa ni kwamba mtu alikuwapo, aliona, na wapo wengine walioona pamoja naye wanaoweza kusema kama anadanganya.

Kwa kipimo hicho Paulo hakufaa. Hakutembea na Yesu Galilaya. Alikuwa mtesi wa kanisa. Hata hivyo alidai utume kwa nguvu kuliko wote, akisema Kristo mfufuka alimtokea yeye wa mwisho. Watu wanaomtaja Paulo kuwa mfano wa mtume asiyehitaji kibali cha binadamu husoma nusu tu ya Waraka kwa Wagalatia. Ni kweli anasema injili yake hakuipokea kwa mwanadamu. Lakini katika barua hiyohiyo anasimulia jinsi alivyokwenda Yerusalemu kukaa na Kefa, yaani Petro, siku kumi na tano, na jinsi alivyorudi tena baada ya miaka kumi na minne kuwawekea wakuu wa kanisa mbele yao injili anayoihubiri, asije akawa amepiga mbio bure. Mtu aliyekuwa na hakika ya kuitwa na Mungu alikubali kukaguliwa. Na ukaguzi ulikwenda pande zote mbili: Antiokia, Petro alipojitenga na Wakristo wasio Wayahudi kwa kuwaogopa watu wa Yakobo, Paulo alimkemea hadharani. Huyu aliyekemewa ndiye aliyekuwa ametajwa kuwa mwamba.

Tena jina la mtume halikuishia kwa wale Thenashara. Barnaba anaitwa hivyo katika Matendo. Katika salamu za mwisho za Waraka kwa Warumi wanatajwa Androniko na Yunia, watu mashuhuri miongoni mwa mitume, na wataalamu wengi leo wanakubali kwamba Yunia alikuwa mwanamke. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na matumizi mawili yaliyokwenda pamoja: mashahidi wa ufufuko, ambao kwa asili ya jambo lenyewe hawawezi kuongezwa, na wajumbe waliotumwa na makanisa kwenda kuhubiri. Waraka kwa Waefeso unapozungumza juu ya msingi wa mitume na manabii, Kristo mwenyewe akiwa jiwe la pembeni, unazungumza juu ya kitu kilichokwisha kuwekwa. Sura mbili mbele yake, waraka huohuo unataja mitume katika orodha ya huduma. Hapo ndipo ugomvi wa leo ulipojificha.

Kuna maandishi mafupi ya kale ambayo kila Mkristo wa Afrika Mashariki angefaidika kuyajua. Yanaitwa Didake, mafundisho ya mitume kumi na wawili, na wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Yalikuwa yamepotea kwa karne nyingi hadi Philotheos Bryennios, kiongozi wa Kanisa la Kigiriki, alipoyakuta mwaka 1873 ndani ya kitabu cha kale huko Constantinople. Aliyachapisha mwaka 1883. Wakati Didake inaandikwa, barabara za Siria na jirani zake zilikuwa na mitume wasafiri, na vijiji vya Wakristo vilihitaji kujua yupi wa kweli. Maelekezo yake hayana mafumbo. Mtume akija, apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, au mbili ikibidi. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka, achukue mkate wa kumfikisha mahali atakapolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Na nabii akisema katika roho kwamba apewe pesa, asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye shida. Inayobeba jukumu la kupima ni jumuiya yenyewe, watu wa kawaida wenye mkate wao na vitanda vyao. Jumuiya hizohizo, maandishi yanasema, zijichagulie maaskofu na mashemasi wanaostahili.

Mashahidi walipokufa, swali likabadilika. Mwaka 96 hivi, kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho barua ambayo mapokeo humpa Klementi, kwa sababu kundi la watu Korintho lilikuwa limewaondoa wazee wa kanisa bila kosa. Barua inasema mitume waliona mbele kwamba uongozi utagombaniwa, wakapanga kwamba wakifa, watu waliothibitika washike huduma. Mara nyingi hunukuliwa hapo na kuachwa hapo. Barua inaongeza kuwa wazee wale waliwekwa kwa ridhaa ya kanisa zima. Mfululizo uliotajwa na Klementi una mikono miwili: mmoja unatoka juu kwa waliotangulia, mwingine unatoka kwa waumini wanaomjua mtu.

Karne moja baadaye Ireneo, askofu wa Lyon, alikabiliwa na tatizo jingine. Walimu wa Kignostiki walikuwa wakisema Yesu aliwapa mitume wachache mafundisho ya siri, na kwamba wao ndio waliyarithi. Ingekuwa vigumu kumpinga mtu kwa jambo analosema aliambiwa faraghani. Ireneo, akiandika mnamo mwaka 180, alijibu kwa kutoa orodha: maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine, kutoka Lino hadi Eleutheri aliyekuwa hai wakati ule. Yeye mwenyewe katika ujana wake alimsikiliza Polikarpo wa Smirna, na Polikarpo alikuwa amewajua watu waliomwona Bwana. Hoja yake ilikuwa kwamba kama mitume wangekuwa na siri, wangewaambia watu waliowakabidhi makanisa. Na mafundisho ya watu hao yanajulikana, kwa sababu walifundisha mbele ya kadamnasi, mji hadi mji, mwaka hadi mwaka. Orodha ile ya majina, ambayo karne za baadaye ziliitumia kama hati ya mamlaka, ilizaliwa kama silaha ya uwazi dhidi ya usiri. Huo ndio moyo wa jambo zima, na makanisa yenye orodha ndefu kuliko zote yamewahi kuusahau.

Mambo mengine yalikaa sawa polepole. Markioni alikuwa ametengwa na kanisa la Roma mwaka 144 kwa kulikataa Agano la Kale na kubakiza sehemu tu ya maandiko ya kitume. Ubishi ule uliharakisha mjadala wa vitabu gani vihesabiwe. Mwaka 367 Athanasi wa Aleksandria aliandika barua ya Pasaka iliyotaja vitabu 27 vilevile vilivyomo leo katika Agano Jipya. Mtaguso wa Constantinople mwaka 381 ukaweka utume katika kanuni ya imani kama sifa ya nne ya Kanisa, baada ya umoja, utakatifu na ukatoliki.

Afrika ndiko mfululizo huo ulikopimwa kwa moto. Mwaka 311 Kaisiliani alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Karthago, wapinzani walisema mmoja wa waliomwekea mikono, Feliksi wa Aptunga, alikuwa amesalimisha Maandiko Matakatifu kwa watesi wa Kirumi. Kama mkono ulikuwa mchafu, uaskofu si uaskofu. Wadonati, kama walivyokuja kuitwa, waliunda kanisa sambamba lililodumu kwa karne kadhaa, na wengi wao walikuwa wakulima wa ndani waliokuwa na sababu zao za kutoiamini Roma. Agostino wa Hippo alijibu kwamba sakramenti ni za Kristo, haziharibiki kwa dhambi ya anayezitoa. Jibu lake limeokoa dhamiri nyingi, kwani hakuna muumini anayeweza kuchunguza maisha ya kila askofu aliyetangulia. Ila limewahi pia kutumiwa vibaya, kana kwamba uhalali wa daraja unamwondolea kiongozi wajibu wa kujibu anapotenda uovu.

Ethiopia ililipa gharama ya namna nyingine. Mnamo mwaka 330, Frumenti, anayeitwa huko Abba Salama, alikwenda Aleksandria kumwomba Athanasi askofu kwa ajili ya Aksum. Athanasi akamweka wakfu yeye mwenyewe. Tangu hapo, kwa karibu miaka 1,600, mkuu wa Kanisa la Ethiopia alitoka Misri. Alipokufa mmoja, watawala wa Ethiopia walituma wajumbe na zawadi kuomba mwingine, na mara nyingine walisubiri miaka. Bila askofu hapakuwa na wa kuwapa makasisi daraja. Mwaka 1959 ndipo Abuna Basilios alipokuwa Patriarki wa kwanza wa Ethiopia. Watu waliokuwa na ufalme wao, nyimbo zao, abjadi yao na watawa wao walivumilia utegemezi huo kwa sababu hawakutaka kukatika na wale waliowaletea imani.

Matengenezo ya karne ya 16 yaligawa urithi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliweka alama za kanisa kuwa injili inayohubiriwa kwa usafi na sakramenti zinazotolewa ipasavyo. Mfululizo wa maaskofu ukawa jambo jema lisilo la lazima. Uingereza na Sweden ziliubakiza, ingawa Papa Leo XIII alitamka mwaka 1896 kwamba daraja za Kianglikana ni batili kabisa. Mgawanyiko huo wa Ulaya ulishuka melini pamoja na wamisionari. Ndiyo sababu Walutheri wa Buhaya, waliolelewa na Wasweden, walipata uaskofu wenye mfululizo kupitia Bengt Sundkler na baada yake Josiah Kibira mwaka 1964, wakati Walutheri wengine wa Tanzania walitoka katika misheni zisizolipa jambo hilo uzito uleule.

Lakini kisa kinachoeleza zaidi kiu ya Waafrika juu ya msingi huu kinatoka Murang'a. Mwaka 1929, misheni za Uskoti na nyingine za eneo la Wakikuyu zilidai waumini wakane tohara ya wasichana. Maelfu waliondoka. Wakajenga shule zao na makanisa yao, wakahubiri na kuimba wenyewe. Walichokosa ni mtu wa kubatiza watoto na kuwekea wengine mikono. Wangeweza kusema wito wa Mungu unatosha, kama wengi walivyosema baadaye. Hawakusema hivyo. Walimtafuta askofu.

Walimpata Daniel William Alexander wa Afrika Kusini, wa Kanisa la African Orthodox. Aliwasili mwaka 1935, akafundisha vijana Gituamba, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawapa baadhi yao daraja, akiwemo Arthur Gatung'u Gathuna. Ukifuata mikono iliyomfikia Gathuna unashangaa. Alexander aliwekwa wakfu Boston mwaka 1927 na George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua aliyekuwa karibu na Marcus Garvey, kiongozi wa harakati za watu Weusi. McGuire aliwekwa wakfu Chicago mwaka 1921 na Joseph René Vilatte. Vilatte naye aliwekwa wakfu Colombo mwaka 1892 na Antonio Francisco Xavier Alvares, ambaye daraja yake ilitoka kwa Wasiria wa Antiokia waliokuwa na mizizi Kerala. Wakulima walioachana na Meza ya Bwana ya misheni walikuwa wamefikiwa na Antiokia kwa kuzunguka dunia, bila kupita mlango wa misheni hata moja.

Hadithi haikuishia hapo. Uganda, Reuben Spartas Mukasa, aliyesoma habari za kanisa hilo katika gazeti la Garvey na kupewa daraja na Alexander mwaka 1932, aligundua kwamba Waothodoksi wa kale hawautambui uaskofu wa Alexander. Angeweza kubaki na alichonacho. Kundi lake lilikuwa linakua. Badala yake aliandika Aleksandria, na mwaka 1946 akapokewa na Patriarki. Gathuna na kundi lake la Kenya nao wakaingia. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, makanisa na shule huru zilifungwa na Gathuna akawekwa kizuizini. Baada ya uhuru, Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus, aliyewahi kuhamishiwa Shelisheli na Waingereza haohao, aliwajengea seminari Riruta, Nairobi. Mtu yeyote anayedhani mfululizo wa kitume ni mawazo ya Wazungu tu aisome habari hii kwa makini.

Misheni zenyewe zilichelewa kuwaamini Waafrika na mikono hiyo. Kwa Wakatoliki, Joseph Kiwanuka wa Masaka aliwekwa wakfu Roma mwaka 1939, na Laurean Rugambwa akawa askofu mwaka 1952 kabla ya kuwa kardinali mwaka 1960. Kwa Waanglikana wa Kenya na Tanganyika, ilibidi kusubiri hadi 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury Geoffrey Fisher alipowaweka wakfu Festo Olang', Obadiah Kariuki na Yohana Omari kule Namirembe.

Leo upepo umegeuka. Mabango ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma yana mitume wengi kuliko maaskofu. Jambo si jipya: London, miaka ya 1830, kundi moja lilijichagulia mitume kumi na wawili na kutazamia Kristo arudi kabla hawajafa, wa mwisho alifariki mwaka 1901. Wazo la sasa lina sura ya Kimarekani. Mwalimu wa misheni C. Peter Wagner alidai katika miaka ya 1990 kwamba huduma tano za Waefeso, mitume wakiwemo, zimerudishwa, na kwamba mamlaka ya Roho hukabidhiwa mtu binafsi kuliko mabaraza. Dai hilo la mwisho ndilo lenye hatari. Mtu anayepanda kanisa pasipo na kanisa na kuitwa mtume hafanyi jambo geni. Barnaba alifanya hivyo. Anayejiita mtume ili asiwe na baraza la kumwita amekosa hata sharti la Paulo.

Matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga mamia ya makanisa Kigali na kudai wachungaji wawe na shahada ya theolojia. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na Kenya ikaunda kikosi kazi cha kupitia sheria za taasisi za dini. Serikali ina wajibu wa kulinda uhai. Lakini shahada haimfanyi mtu awajibike, na makanisa yenye mfululizo usio na doa kwenye karatasi yameficha makasisi waliodhulumu watoto kwa miongo mingi. Orodha ya Ireneo haikuwalinda watoto wale, kwa sababu uwazi uliokuwa uhai wake ulikuwa umetolewa ndani yake. Waraka wa Lima, uliotolewa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1982, ulikuwa makini hapa: ulitofautisha mapokeo ya kitume ya Kanisa zima na mfululizo wa maaskofu, na kuuita huu wa pili ishara isiyokuwa dhamana. Waumini wana haki ya kuuliza haya yote: nani aliyemwekea kiongozi wao mikono, na nani anayeweza kumwondoa, anafundisha wapi hadharani, na hesabu za sadaka anazisoma nani.

Swali halijafungwa hata ndani ya makanisa ya kale. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri, akitegemea ukweli kwamba Kristo aliwachagua wanaume kuwa mitume. Waanglikana wa Kenya, wenye msingi uleule na orodha wanayoiheshimu, walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021. Na mwezi Mei 2024, huko Harare, askofu wa Patriarkati ya Aleksandria, ileile iliyowapokea Spartas na Gathuna, alimpa mwanamke daraja ya ushemasi. Wanaompinga wanasema mapokeo ya mitume hayaruhusu. Wanaomtetea wanafungua sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, ambako Paulo anamtaja Fibi, shemasi wa Kenkrea, na mistari michache baada yake, Yunia.